Punda Aliyekataa Kufa Mara Mbili

Punda wa Bibi Mbeleje alikataa kufa kwa mara ya pili siku ya Jumatano asubuhi, mbele ya mashahidi.

Mashahidi wenyewe tulikuwa mimi na Daktari Tusekile, na kamera ya serikali kule darini ambayo haijawahi kumsalimia mtu. Punda, jina lake Sikitu, alikuwa katikati ya chumba kwenye bembea ya magurudumu. Miguu ya mbele inakanyaga sakafu, ya nyuma imefungwa mabandeji mpaka kiunoni, inaning'inia tu. Mbele yake milango miwili. Wa kulia umepakwa bluu, wa kushoto kijani.

"Haya mama," nikamwambia. "Tunakusikiliza."

Akasimamisha masikio. Kidani shingoni mwake kikawaka kijani hata kabla hajainua ukwato, maana kidani kinasoma ubongo, hakina shida na miguu. Ndipo akaanza kutembea, bembea inamfuata nyuma ikilia magurudumu, mpaka kwenye mlango wa kushoto. Akaugonga kwa pua.

"Kesho," Daktari akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mechi ambayo timu yake imefungwa. "Tena."

"Hongera, Sikitu."

"Usimpongeze, Chilo."

"Nimpe pole?"

Akageuka kuandika. Daktari Tusekile ni Mnyakyusa wa kule kwenye mvua, amekuja huku kwetu Kongwa kwenye vumbi kwa hiari yake, na mpaka leo sijui alifuata nini. Utani anaujua vizuri. Siku akikaa kimya kwenye utani, jua kuna jambo.

Mimi nafundisha milango. Ndiyo kazi yangu hapa kituoni, na msiniulize nilisomea wapi. Nilisomea udaktari wa mifugo mpaka siku ya mazoezi ya mahafali, nilipomvalisha mbuzi joho la mkuu wa kitivo. Mbuzi alihitimu. Mimi bado.

Sheria ya Ridhaa inasema hivi: mnyama aliyeumia vibaya asilazwe usingizi wa mwisho, wala asipelekwe kwenye upasuaji mkubwa, kabla hajaulizwa mwenyewe. Aulizwe mara tatu, siku tatu tofauti, mwenye mnyama akiwa nje. Jibu la tatu ndilo la kufuatwa. Mawili ya kwanza ni ya kumpa nafasi ya kubadili mawazo, kama watu. Na siku ya tatu akikaa tu bila kuchagua, basi atakayesema kwa niaba yake ni yule aliyemfundisha milango. Hicho kifungu cha mwisho tulikuwa tunakicheka. Haijawahi kutokea. Mnyama mwenye maumivu hakai tu.

Sasa unamfundishaje mbuzi, au mbwa, maana ya kufa? Unampitisha mlango wa bluu. Akipita, kidani kinakata maumivu yote, mwili unakuwa mwepesi, anasinzia kidogo, anaamka. Unarudia mpaka aelewe kwamba bluu ni kupumzika. Niliwahi kumuuliza Daktari, "Tunamfundisha kufa kwa kumwamsha?" Akaniambia nikafagie.

Mlango wa kijani ni kesho. Ukipita huo, maumivu yanabaki palepale, ila nyuma yake unakuta kitu unachokipenda. Mbwa anakuta sauti ya bosi wake. Kuku anakuta mahindi. Mnyama anajifunza kwamba kijani ni kuendelea, na maumivu yake na raha yake. Siku ya kuulizwa nyuma ya milango hatuweki kitu chochote. Ni yeye na akili yake.

Sikitu alinisumbua. Nyuma ya kijani nilimwekea pumba, akanusa akaziacha. Nikamwekea chumvi. Nikamwekea maganda ya tikiti, ambayo punda mwenye akili timamu anaweza kumuuza mama yake ayapate. Wapi. Alikuwa hali kitu cha maana tangu ajali, na macho yake yalikuwa yanatazama ukutani kama yanatazama barabara.

Ndipo nikakumbuka kwamba Bibi Mbeleje ana sauti ya Mwendokasi kwenye simu.

Mwendokasi alikuwa punda dume, mwenzake Sikitu. Aliitwa hivyo kwa sababu mwendo hakuwa nao. Siku ya ajali walikuwa wawili, wamebeba madumu ya maji, wanarudi nyumbani peke yao kama walivyozoea. Lori lisilo na dereva likatokea upande wa Mbande na mzigo wa saruji. Macho ya lori lile yalifundishwa kukwepa watu, magari na ng'ombe. Punda, aliyeyafundisha aliwasahau. Mwendokasi alikufa palepale. Sikitu akaletwa kwetu.

Nikasikiliza ile sauti mara kadhaa. Mwendokasi alikuwa anaanza kama pampu ya baiskeli iliyopasuka, anapanda, anapanda, halafu mwishoni anakohoa mara mbili kama mzee anayepiga hodi. Mimi tangu shule ya msingi naiga milio. Nilishawahi kuiga kengele, darasa zima likatoka. Basi nikajificha nyuma ya mlango wa kijani, nikalia Mwendokasi.

Sikitu alikuja mbio. Na miguu miwili, na bembea, mbio. Daktari alicheka mpaka akashika meza. Siku hiyo Sikitu akala pumba zote.

Tuliona tumefanya la maana sana.

* * *

"Unajua Ijumaa akichagua tena kijani itakuwaje," Daktari akasema. Tulikuwa tumemrudisha Sikitu kwenye zizi lake, tunanawa mikono.

"Anapata miguu mipya."

"Anapata miguu mipya. Sema na katikati yake."

Katikati yake nilikuwa naijua, nilikuwa sitaki kuitamka. Miguu yenyewe haina shida. Mifupa tunachapa hapahapa kwa mashine, misuli inaoteshwa, inapandikizwa, kazi ya siku moja. Shida ni mishipa ya fahamu. Lazima iote yenyewe, taratibu, kutoka kiunoni mpaka kwatoni, na ikiwa inaota haitakiwi ganzi. Ukiweka ganzi, vichipukizi vyake vinakauka na mguu unabaki kuwa mti. Kwa hiyo mnyama anakaa macho, na maumivu yake mazima, tangu sasa mpaka mvua zianze na ziishe.

Tulikuwa na mbwa mmoja anaitwa Bosi. Alichagua kesho mara zote tatu, kwa mbwembwe, mkia unazunguka kama feni. Sasa hivi ukija kituoni utamwona anakimbia nyuma ya ghala, miguu minne safi kabisa, huwezi hata kujua ipi ni ya kiwandani. Maumivu yalipoisha, bwana wake alikuja kumchukua. Akamwita. Bosi akamtazama kama anavyotazama jiwe, akaendelea kukimbia. Yule baba alikuja tena mara kadhaa, na nyama. Baadaye akaacha kuja.

"Lakini amesema anataka," nikamwambia Daktari. "Kidani hakidanganyi."

"Kidani hakidanganyi," akasema. "Hicho ndicho kinaniuma."

Nikaenda kumpelekea Sikitu maji. Nikamkuta hayuko kwenye kona yake. Alikuwa amejikokota na bembea mpaka kwenye wavu wa zizi, upande ule ambao ukitazama unaona jengo la milango. Masikio yote mawili mbele. Maji nikamwekea, hakuyagusa. Nikamkuna paji la uso, akanisukuma pembeni kwa kichwa, taratibu tu, kama unavyomsukuma mtu aliyekukingia televisheni.

Nikageuka kuangalia anachokiangalia. Mlango wa kijani, kwa nje.

Hapo ndipo nikaelewa. Huyu hakuwa anachagua kesho. Huyu alikuwa anamfuata mtu. Kila tulipomuuliza, "Unataka kuishi?", yeye alikuwa anasikia, "Mwendokasi yuko wapi?" na anatujibu vizuri kabisa: yuko kule, nimemsikia, nifungulieni.

* * *

Bibi Mbeleje huwa anakaa kwenye benchi la nje, chini ya bati, na kanga yake ya pili ameikunja kuwa mto. Akiniona ananiita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu, na mimi namjibu hivyohivyo.

"Mume wangu, mbona umenuna? Au umepata mke mdogo?"

"Nani atanichukua, bibi, na nanukia punda hivi."

"Mimi nimekuchukua hivyohivyo. Kaa."

Nikakaa. Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kuzungukazunguka, na yeye akawa ananitazama anatafuna ubuyu. Nilipomaliza akatema mbegu.

"Ile sauti naijua ilikuwa yako," akasema. "Siku ya kwanza nikiwa hapa nje niliisikia nikasimama. Miguu ikasimama yenyewe. Nikasema, ala, kumbe hawakumuua! Nikakumbuka kwamba nilimwona kwa macho yangu yuko barabarani. Nikakaa tena. Lakini kale kadakika kamoja, mume wangu, kalikuwa katamu."

"Bibi, Sikitu hana wa kumkumbusha. Yeye bado yuko kwenye hako kadakika."

"Mwache humo."

"Bibi."

"Nasema mwache. Ijumaa mkimuuliza, lia tena. Lia vizuri, na kile kikohozi usikisahau."

"Siku ya kuulizwa hairuhusiwi sauti."

"Wewe uliyemvalisha mbuzi joho, leo unaniambia hairuhusiwi?"

Nani alimwambia habari za mbuzi, sijui. Nikataka kucheka, na yeye akataka kucheka, halafu hakuna aliyecheka.

"Nikwambie kitu," akasema. "Mwanangu wa pili, Ndahani, alikuwa machimboni huko kaskazini. Siku moja nikapigiwa simu: mama, njoo, Ndahani anaumwa. Unajua sisi tunavyofanya. Mtu amekufa, unaambiwa anaumwa, ili usafiri. Na mimi nimewahi kuwafanyia wengine hivyohivyo. Lakini lako hulitambui. Nikachinja kuku, nikamkaanga, nikamfunga kwenye hotpoti. Njia nzima nimemshika mapajani. Abiria wenzangu wananiuliza mama unakwenda wapi, nawaambia naenda kumwona mwanangu, anaumwa kidogo, akila huyu kuku atapona. Nilikuwa na mtoto siku nzima ile. Wenzangu wote walikuwa wanajua sina. Mimi nilikuwa naye."

"Na ulipofika?"

"Nilipofika nikaona maturubai."

Upepo ukapita na vumbi lake. Bibi akajifunika pua, akasubiri lipite.

"Ungetaka wakwambie mapema? Kabla hujapanda basi?"

Alifikiria sana. Nilidhani atanitukana.

"Sijui," akasema. "Mpaka leo sijui. Ila najua yule kuku nilimkaanga kwa furaha. Sikitu usimnyang'anye kuku wake."

* * *

Alhamisi asubuhi nilimweleza Daktari yote. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akavua glavu moja, akabaki na moja.

"Basi yale mawili hayakuwa majibu," akasema.

"Hayakuwa."

"Ningekuwa na muda ningemwanzishia upya, na mwalimu mwingine. Lakini kile kidonda cha kiunoni hakisubiri. Ganzi ya kidani nayo siwezi kuiacha iwake muda wote, inashuka mpaka kwenye mapafu. Kesho ndiyo kesho."

"Tumwonyeshe Mwendokasi."

Akaniangalia. Mwendokasi alikuwa bado yupo hapahapa kituoni, kwenye chumba cha baridi, kwa sababu wenye lori walikuwa wanabishana na wenye bima na mahakama ikasema mzoga usizikwe kwanza.

"Darasani walituambia," nikasema, "hata mimi niliyelala nililisikia. Punda akifiwa na mwenzake, mwache aukague mwili. Atanusa, atasukuma, atasimama hapo mpaka atosheke, halafu ataondoka mwenyewe. Asipouona, atamtafuta. Sisi tulimleta huyu kwa gari la wagonjwa na yule kwa gari la mizigo."

"Najua. Nilikuwa nimeamka hilo darasa." Akavua na glavu ya pili. "Sikiliza, Chilo. Leo umwonyeshe maiti, kesho umuulize kama anataka kuishi. Hiyo si kumuuliza. Hiyo ni kumsukuma kwenye bluu."

"Na tusipomwonyesha?"

"Unamsukuma kwenye kijani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna pa kusimama ambapo humsukumi. Mimi nimeshazunguka hapo miaka." Akasimama, akatoa funguo. "Lakini kama ningekuwa mimi, ningetaka kujua. Hiyo ndiyo yote niliyo nayo. Siwezi kusema kama ndivyo anavyotaka punda."

Tulimpeleka mchana. Bibi nilimwomba aje, akakataa, akageuza uso upande wa barabara. Daktari akafungua mlango wa chumba cha baridi, ukungu ukatoka chini kwa chini ukatufika magotini. Mwendokasi alikuwa amelala kwa ubavu juu ya mbao, manyoya yamepata barafu, ana rangi ya jivu.

Sikitu alisimama mlangoni. Pua zikapanuka. Kisha akaingia, kwa kasi kidogo, na nilijua anafikiri amempata. Akamgusa shingo kwa pua. Akamgusa sikio. Akamsukuma begani, kama unavyomwamsha mtu aliyelala kwenye kiti chako. Akarudi nyuma hatua moja, akasubiri. Akamsukuma tena, kwa nguvu, bembea ikagonga mbao.

Halafu akaanza kumlamba. Barafu ikawa inayeyuka kwenye yale manyoya, inachuruzika. Alimlamba shingo yote mpaka manyoya yakarudi rangi yake ya kahawia, na kwa muda pale shingoni Mwendokasi alionekana punda mzima.

Daktari alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nikampa koti langu, akalichukua bila kusema ahsante wala kulitania, na lile koti lina picha ya kuku anavuta sigara.

Sikitu aliweka kidevu juu ya shingo ya mwenzake, akatulia hapo. Hatukumharakisha. Alipotosheka akajigeuza mwenyewe. Ile bembea haigeuki kirahisi, anayeigeuza lazima awe ameamua. Akatupita mimi na Daktari, akaenda zizini. Hakusimama tena kwenye wavu. Alikwenda kwenye kona yake, akainamisha kichwa.

Jioni nilimpelekea pumba. Alikula kidogo. Hakukataa, hakushangilia.

* * *

Ijumaa Bibi Mbeleje alikuja mapema, amevaa gauni la kwendea kanisani. Nilipompita kwenye benchi alinishika mkono.

"Mume wangu. Utalia?"

"Sijui, bibi."

"Mimi nimebaki na yeye tu. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Hakuniachia mpaka Daktari aliponiita.

Tulimsimamisha Sikitu katikati ya chumba. Kamera ikasema maneno yake ya kawaida, kwa Kiswahili kile cha redio: mara ya tatu na ya mwisho, wahusika wasimshawishi mnyama. Daktari akasimama nyuma na trei yake. Mimi nikasimama ninaposimama siku zote, pembeni, karibu na mlango wa kijani, mahali ambapo ukikohoa tu punda atakusikia.

Sikitu alitazama bluu. Kidani kimya, hakuna taa. Alitazama kijani. Kimya. Masikio yalikuwa yamelala pembeni, moja huku, moja kule.

Nilikuwa na ile sauti kooni. Sikutanii, ilikuwa imeshapanda, ilikuwa hapa. Nilijua kabisa ingekuwaje: ningelia, na yeye angetega sikio, na labda angesahau alichokiona kwenye barafu, maana kutumaini hakumgharimu punda kama kunavyotugharimu sisi. Angekwenda kijani. Bibi angepata punda wake. Na kila siku, mpaka mvua zikatike, Sikitu angekaa na ule moto kiunoni akingoja koo langu.

Nikafunga mdomo. Nikauma ulimi kwa kweli, si kwa maneno.

Sikitu hakusogea. Alisimama katikati ya milango miwili kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. Muda ukaenda. Daktari aliacha kutazama kidani, akawa ananitazama mimi. Nilitamani Sikitu aende bluu. Nilimwomba moyoni, nenda basi, mama, nenda unipunguzie. Hakwenda. Alipumua tu, mbavu zinapanda na kushuka, mabandeji yanapanda na kushuka.

Kengele ikalia.

"Mnyama hajachagua," kamera ikasema. "Uamuzi unahamia kwa mfundishaji. Tafadhali tamka."

Hakuna aliyecheka hicho kifungu safari hii.

"Mwenye mnyama sasa anaruhusiwa kuingia," kamera ikasema tena, na mlango wa kijani ukafunguka wenyewe, na Bibi akaingia kupitia huko, na gauni lake la kanisani na vumbi miguuni. Akamwona Sikitu yuko katikati. Akaniangalia mimi.

"Hukulia," akasema.

"Sikulia."

"Kwa hiyo amesemaje?"

"Hajasema. Wamenirudishia mimi."

Nilikuwa na majibu ya kila aina maisha yangu yote. Nikiulizwa na mwalimu, na askari, na mkuu wa kitivo, jibu lilikuwa linatoka tu lenyewe. Hili nililisubiri lije, halikuja, ikabidi nilifuate.

"Daktari," nikasema. "Akipandikizwa, kuna kitu chochote unachoweza kumpa?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Ningekuwa nacho ningempa Bosi."

Nikamwangalia Sikitu. Alikuwa ananiangalia na yeye, au anaangalia kitu kilicho mbele yangu.

"Alale," nikasema.

"Tafadhali rudia kwa sauti," kamera ikasema.

"Nimesema alale! Nasema mimi, Chilongani, si punda. Andika hivyo."

Bibi Mbeleje hakupiga kelele. Alipita mbele yangu bila kunigusa, akaenda kusimama ubavuni kwa Sikitu, upande wa kushoto, akamwekea mkono kwenye mgongo, pale ambapo manyoya yalikuwa yameisha kwa kubeba madumu.

"Umeamua wewe," akasema, bila kunitazama. "Sawa. Ila usiniite mke wako tena."

"Sawa, bibi."

Daktari akaja na sindano. Akatafuta mshipa wa shingo kwa kidole, akamwambia Sikitu jambo kwa Kinyakyusa, akachoma. Akasukuma mpaka mwisho, akachomoa. Mambo haya huwa mafupi.

Sikitu akageuza kichwa. Alikigeuza polepole, kushoto, kwa Bibi, au kwa mlango uliokuwa wazi nyuma ya Bibi, mwanga wa nje unaingia. Na kidani kikawaka.

Kijani. Kijani kabisa, kilichotulia.

Daktari alikiona. Nilimwona anavyokiona. Dawa ilikuwa imeshaingia yote, na hakuna dawa ya kuifuata. Nikajiambia ni kwa sababu Bibi alisimama upande ule. Nikajiambia ni mwanga. Nikajiambia kidani kinasoma ubongo, na ubongo unaozimika unatoa chochote, kama redio. Vyote vinaweza kuwa kweli. Na kile kingine nacho kinaweza.

"Hiyo taa," Bibi akasema. "Hiyo ya kijani. Inasemaje?"

Siku zote anakaa nje. Hakuwahi kuona taa ya kidani. Ningeweza kumwambia lolote. Ningeweza kumwambia inasema ahsante, au inasema kwaheri bibi, na angelichukua akaondoka nalo nyumbani, na angekuwa nalo mpaka siku yake.

"Inasema kesho, bibi."

Akaiangalia tena ile taa. Magoti ya mbele ya Sikitu yalikuwa yanaanza kulegea, bembea ikapokea mwili.

"Na sindano imeshaingia?"

"Imeshaingia."

Nikamsubiri. Nilikuwa tayari kwa kofi, kwa laana, kwa chochote.

"Basi usinisimamie hapo," akasema. "Mshike kichwa, kisining'inie."

Nikaenda, nikapiga magoti, nikakipokea kwa mikono yote miwili. Kilikuwa kizito, na kilizidi kuwa kizito.